Hadji na Mazoezi ya Juu ya Paa

Hadji hakupenda mtu aseme "alo" mara mbili. Alisema ya kwanza ni salamu, ya pili ni kula muda wa wenzako. Ukisahau ukairudia, alikunyang'anya kipaza sauti bila hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akamalizia mwenyewe maneno yaliyobaki. Hapo tulikuwa juu ya paa lake la zege, mtaa wa Asiatique, wa Waarabu na Wahindi wenye maduka, mimi nimeshika antena iliyofanana na mgongo wa samaki mkubwa, naigeuza taratibu kufuata kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukiona.

Kitu hicho kilikuwa setilaiti ndogo ya watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea hewani kwa kupenda tu, bila mshahara wala matangazo. Ilipita juu ya Bujumbura mara chache kwa siku. Ilichomoza upande mmoja wa mbingu, ikazama upande wa pili, na katikati yake ulikuwa na muda wa kunywa kikombe cha chai ya moto, zaidi ya hapo hakuna. Ulichosema katika muda huo ilikidaka na kukirudisha chini papo hapo, na mtu wa Dar es Salaam au wa Zambia mwenye redio kama ya Hadji alikusikia kana kwamba umesimama ng'ambo ya barabara. Ikishazama, unangoja.

Sote tulimwita Hadji, hata mkewe. Alikuwa na duka la misumari, mabati, rangi na makufuli, na juu ya duka ndiko alikoishi. Mume wangu na mimi tulipanga vyumba viwili vya uani. Nilikuwa muganga, kwa maana ya Bujumbura, ambako nesi naye huitwa hivyo, na kazi yangu ilikuwa katika kituo cha afya cha Carama, kule kaskazini mji unakokwisha na mashamba kuanza. Ndiyo sababu alinitafuta. Nilikuwa nafua uani akashuka ngazi na kusimama mbele ya beseni langu.

"Muganga, siku simu zitakatika zote, wagonjwa wako utawafanya nini?"

"Nitamuomba Mungu, Hadji."

"Vizuri. Na kiisha?"

Niliendelea kufua. Vita vilikuwa vimekaa nasi miaka mingi kiasi kwamba tulikuwa tumezoea kuishia pale kwenye dua. Jumamosi iliyofuata nilipanda naye paani.

Dukani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mwanamume aliyetulia mbele ya kipaza sauti kama anapimiwa kila neno, ndiye huyohuyo aliyeweza kukueleza habari za msumari mpaka ukasahau ulikuja kununua nini. Alijua nani anajenga Kigobe na nani ameacha nyumba nusu akakimbilia nje. Alimtania kila mteja, alisengenya, alicheka kwa sauti mpaka wapita njia wakachungulia. Siku moja mkewe aliniambia, "Maneno yote anamaliza huku chini, ndiyo maana huko juu hana." Nadhani alisema kweli, lakini nusu tu. Huko juu Hadji alikuwa anaogopa. Aliogopa neno moja lisilo mahali pake.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwanzoni, kabla sijajiunga naye, mazoezi yake yalikuwa yakifanana na mambo ya kweli. Alitunga maafa, akayasoma kwenye kipaza sauti, na fundi mmoja wa Dar es Salaam, rafiki yake wa hewani ambaye hakuwahi kuonana naye, aliyaandika na kumsomea tena ili wajue kama kuna kilichopotea njiani. Asubuhi moja Hadji alisoma kwa sauti yake nzito: majeruhi ishirini Carama, barabara imefungwa, tunaomba damu. Uani kwa jirani kulikuwa na mama anaanika nguo. Alisikia hayo tu. Kufika adhuhuri nusu ya mtaa ilikuwa inafunga magodoro, watu wanaulizana wakimbilie wapi, na katika kusukumana pale sokoni mzee mmoja muuza kofia aliangushwa akavunjika nyonga. Hakutembea tena bila gongo. Hadji alimtembelea kila siku alipokuwa kitandani, na alimwambia ukweli kwamba chanzo ni yeye. Yule mzee hakuelewa vizuri hadithi ya setilaiti. Alimwambia, "Basi, punguza sauti."

Toka siku hiyo kukawa na sheria. Kila ujumbe wa kujifunza ulianza kwa neno "mazoezi" mara tatu, na uliishia nalo mara tatu. Wala haukuwa tena na majeruhi. Tulituma habari za jikoni. Hadji alisema anayeweza kupokea kwa usahihi kwamba mama mkwe anahitaji sufuria mbili zenye mifuniko na kilo moja ya dagaa wa Rumonge, ataweza kupokea chochote. Fundi wa Dar alikuwa akisoma tena orodha hizo kwa heshima yote, kama katiba. Mimi nilikuwa nabana kicheko mpaka antena inatikisika, na Hadji ananitazama.

"Muganga, mkono."

Kulikuwa na sista mmoja pia, wa misheni ya kaskazini mwa Zambia, aliyewahi kukaa Lubumbashi miaka mingi. Aliongea Kiswahili cha kule, kizito na kitamu, na alimwita Hadji "Baba Hadji". Yeye na Hadji walikuwa wakibishana. Sista alipenda kuuliza hali za watu: mke hajambo, mtoto amepona, leo mumelala salama. Hadji alijibu kwa neno moja moja na kurudi kwenye sufuria. Baada ya setilaiti kuzama alilalamika kwangu kwamba yule mama anageuza redio kuwa baraza. Lakini Jumamosi ambayo sista hakusikika, hakukaa chini. Alizunguka paa zima, akaniuliza mara ngapi sijui kama Zambia kuna mvua.

Mkewe alipofariki, tulimzika Alhamisi. Jumamosi nilifikiri hatutapanda, lakini nilisikia viatu vyake kwenye ngazi, nikamfuata. Alifunga waya, akavaa vifaa vya masikioni, ambavyo sauti yake ilivuja mpaka kwangu, akaita. Sista akaitika. Akauliza kama kawaida yake, "Baba Hadji, mama wa nyumba anaendelea namna gani na ile presha?"

Hadji alibonyeza kipaza sauti. Akaachia. Akabonyeza tena.

"Sista," alisema, "leo sina ujumbe."

Sista hakuuliza. Fundi wa Dar hakuuliza. Hakuna aliyeongea tena, na hakuna aliyeaga. Nilizungusha antena kutoka upande wa ziwa mpaka upande wa Cibitoke, na muda wote ule ilikuwa ni ule mvumo tu wa chombo kilicho wazi, watu watatu katika nchi tatu wakimsikiliza mwenzao asiyesema. Alipovua vifaa vya masikioni masikio yake yalikuwa mekundu. Akanishukuru kwa kushika antena. Hakuwahi kunishukuru kabla, na hakunishukuru tena.

Alikuwa mtu wa dini, na setilaiti ilimletea taabu katika dini. Kuna vipindi ilipita adhuhuri, adhana inaita na yeye yuko paani na waya shingoni. Imamu wa msikiti wetu, ambaye pia alikuwa mteja wake wa mabati, alimwita pembeni.

"Hadji, watu wanasema umepata kibla kingine huko juu."

"Sala iko na muda mupana, sheikh. Hii kitu muda wake mudogo."

"Na sala ya jamaa je? Utaswali peke yako mpaka lini?"

Hadji hakubisha zaidi. Juma lililofuata aliniambia kwamba mpito wa adhuhuri tutauacha, tutatumia wa asubuhi. Nilimwona amekasirika. Lakini nilimwona pia, siku nyingi baadaye, akimsaidia yule imamu kupeleka habari kwa mdogo wake aliyekuwa kambini Tanzania, na hakumkumbusha chochote.

Habari za ndugu ndizo zilizomchosha zaidi. Watu walipojua anaweza kufikisha habari nje, walikuja. Hadji alikuwa na ruhusa ya serikali na masharti yake, kwa hiyo alizichambua habari kama mama anavyochambua mchele. Kabila halikupita. Majina ya viongozi hayakupita. Mahali askari walipo, au waasi walipo, hapakupita. Alikuja bwana mmoja wa Kinama ambaye wazazi wake waliuawa katika wiki moja, akitaka kaka yake aliyekimbilia Kigoma ajue. Alianza kusema, na ndani ya sentensi ya pili akataja waliowaua, kwa lile jina la jumla tulilolijua sote.

Hadji akamkatiza. "Nitasema wamekufa, na nitasema wamezikwa wapi. Ile ingine utamuambia mwenyewe siku mutaonana."

"Kwa nini? Ni uongo?"

"Apana. Si uongo."

"Basi sema. We Mwarabu, haikuhusu, njo maana inakuwa rahisi kwako."

Yule bwana aliondoka akaubamiza mlango. Alirudi juma la pili, akakaa, akasema ujumbe wake upya kwa maneno machache, wafu na kaburi tu, na fundi wa Dar akaufikisha Kigoma kwa simu. Jioni Hadji alikuwa anafunga duka nilipopita. Aliniambia bila mimi kuuliza, "Yule mutu labda iko na haki. Lakini hewani siwezi kujua nani mwengine anasikiliza." Alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, akalivuta tena.

Sitaki aonekane shujaa, maana hakuwa. Risasi zikilia karibu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulala chini. Siku moja tulikuwa katikati ya mpito, sista anasoma tena orodha ya vikombe, pakasikika mlio upande wa bandari, na nilipogeuka Hadji alikuwa ameshazima redio na yuko chini ya meza ya mbao amekumbatia betri ya gari. Akanivuta na mimi. Tulikaa pale chini tunatazamana, ndevu zake zina vumbi. "Ujumbe ya mutu amekufa haina faida," alisema, na akacheka ile sauti yake ya dukani.

Askari nao walikuja, kama tulivyojua watakuja. Kwao, mtu aliyenyoosha chuma mbinguni wakati wa vita lazima awe anaongea na ndege. Walipanda watano na komanda wao. Hadji alionyesha karatasi yake ya ruhusa. Komanda aliisoma, akaikunja, hakuirudisha.

"Muzee, unaongea na nani huku?"

"Ngoja kidogo, komanda. Anakuja."

Kweli setilaiti ilikuwa inachomoza. Hadji alimvisha yule komanda vifaa vya masikioni na kunionyesha kwa kidevu nishike antena. Nikaishika. Halafu nikaona uso wa yule kijana, maana alikuwa kijana, unabadilika.

"Ni mwanamuke," alisema. "Anauliza kama tumelala salama."

"Ni sista," Hadji akasema. "Mujibu."

Komanda alitazama askari wake. Kisha akabonyeza pale alipoonyeshwa, akasema kwa sauti ndogo, "Tumelala salama, Sista." Karatasi aliirudisha. Hata hivyo walituchukulia redio moja ndogo ya mkononi, na hatukuiona tena.

Hayo yote yalikuwa mazoezi. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilishika antena ya Hadji miaka ile, wanadhani kila Jumamosi tuliokoa mtu. Tuliagiza sufuria. Siku ya kweli ilikuwa moja.

Mapigano yalikuwa yamefika upande wa kusini, mabomu yanaanguka Kinanira na vilima vya jirani, na watu waliokimbia walizunguka mji mzima mpaka kwetu Carama, wakalala katika madarasa na mashambani. Maji yalikuwa ya mtaro. Siku ya tatu au ya nne kipindupindu, kolera kama wanavyoiita kwetu, kikaingia. Wenye nguvu ya kunywa tuliwanywesha maji ya chumvi na sukari. Waliokuja wameshalegea, macho yamezama, walihitaji serumu, ile mifuko ya maji ya kutundika mshipani, na asubuhi moja mkuu wa kituo alifungua kabati, akalifunga, akaniita nje.

Serumu ilikuwapo mjini. Shirika moja la misaada lilikuwa na ghala lililojaa, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, lakini watu wake walikuwa wamehamishiwa Nairobi na walinzi waliapa kutofungua bila amri ya mkubwa wao. Simu za mezani zilikuwa zimekufa, za mkononi zimekuwa bubu. Mlinzi mkuu alikuwa na simu ya setilaiti ya ofisi. Ilikuwa imeishiwa salio, inapokea tu, haipigi. Aliniandikia jina na namba ya mkubwa wake, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Mama, patron akinipigia sasa hivi, nafungua sasa hivi." Kwa hiyo ujumbe wetu ulipaswa kupanda mbinguni, ushukie Dar es Salaam, uende Nairobi kwa simu, na urudi kwenye mlango niliokuwa nimeugusa kwa mkono.

Nilibebwa kwa pikipiki mpaka Asiatique. Hadji alikuwa dukani, milango nusu wazi. Nilipomaliza kusema alikuwa ameshachukua funguo za juu. Alitazama saa, akasema, "Inakuja. Panda."

Paani mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Nikaelekeza antena kusini, juu ya ziwa. Kule vilimani moshi ulikuwa umesimama. Mvumo ukaja, kisha sauti ya fundi wa Dar, safi kabisa, anaita. Hadji akavuta pumzi, akabonyeza.

"Mazoezi, mazoezi, mazoezi," alisema.

Akaendelea. Alisoma kila kitu sawasawa: kituo, ugonjwa, ghala, jina la mkubwa wa Nairobi, namba yake ya simu, kila tarakimu peke yake. Sijawahi kusikia ujumbe uliosomwa vizuri namna ile. Nilikuwa nimeduwaa, nafikiri labda sikusikia sawa, labda ni woga wangu. Kisha akamaliza kwa kulirudia neno lile, mara tatu, kama sheria yake ilivyotaka.

"Nimeupokea wote," fundi wa Dar akasema. "Ujumbe wa mazoezi, hongera Hadji, huu wa leo umekuwa mzito. Pole na hali ya huko."

"Hadji," nikasema. "Umesema mazoezi."

Alinitazama. Niliona hajui. Halafu nikaona anajua. Alibonyeza kipaza sauti akasema si mazoezi, si mazoezi, unanisikia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliita alo, alo, alo, mara nyingi. Antena yangu ilikuwa tayari imeelekea kaskazini, chini kabisa, kwenye vilima. Ulibaki mvumo. Kisha hata mvumo ukabadilika ukawa ule wa kawaida, wa redio isiyoshika kitu.

Mpito mwingine ungekuja baada ya saa moja na nusu hivi, na ungekuwa mbaya, chini upande wa magharibi, karibu kufichwa na milima ya Uvira.

Hadji alikaa kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti mapajani. Binti yake, aliyekuwa amerudi kuishi naye baada ya mama kufariki, alileta chai, akatutazama, akaiacha. Hadji alisema mara moja tu, "Mulomo wangu, Muganga. Mulomo tu." Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini nilikuwa nimetoka Carama, nilikuwa nimewaona waliolala pale sakafuni, na sikuweza kusema si kitu. Tukangoja. Alitawadha kwa maji ya birika, akaswali pale pale juu ya zege, akarudi kukaa.

Mvumo ulipokuja tena ulikuwa mwembamba. Hadji alinyanyuka, akachukua antena mikononi mwangu, akanipa kipaza sauti.

"Sema we," alisema. "Mi siwezi kuuamini mulomo wangu."

Nikasema. Nilisema hii ni kweli, watu wanakufa, ile ya asubuhi ilikuwa kweli. Kimya. Hadji aliinyanyua antena kidogo, akaishusha, akaitafuta setilaiti kama mtu anayetafuta shimo la ufunguo gizani. Sauti ya fundi ikaja vipande vipande. "Rudia... si mazoezi?"

"Si mazoezi."

"Napiga simu sasa. Natoka hewani, napiga sasa."

Alipiga. Nairobi wakapiga. Mlinzi alifungua mlango kabla hata pikipiki yangu haijafika ghalani, na alikuwa ametoa makasha nje kwa mikono yake. Jioni ile kila mgonjwa wa sakafuni alikuwa na mfuko umetundikwa juu yake, mingine kwenye misumari ya dirisha. Wengi sana walipona. Lazima niliseme hilo pia.

Vita vilipotulia, kituo kilifanya sherehe ndogo ya shukrani na kumwalika Hadji. Hakuja. Mkuu wa kituo alikwenda mwenyewe dukani na zawadi, mbuzi mzima, na Hadji akamwambia awape walinzi wa ghala. Watu walisema ni kiburi cha matajiri wa Asiatique. Kufikia hapo antena alikuwa ameshaivunja, na redio alimpa mtu aliyekuwa akihamia Kigali. Fundi wa Dar alinipigia simu mara mbili akimuulizia. Nilimwambia ni mzima. Dukani aliendelea kuuza, ila vicheko vilipungua, na wateja wakawa wanatoka na misumari yao bila hadithi.

Tulihama, miaka ikapita. Nilikutana naye tena katika zahanati ya macho, nilikokwenda na mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mwembamba, kanzu imemzidi, binti yake pembeni. Alikuwa anaishi kwa binti huyo Kinanira, na kusikia kwake kulikuwa kumepungua sana. Nilimshika mkono. Akanivuta nikae karibu na sikio lake la kulia.

"Muganga. Ile saa moja na nusu."

Miaka yote hakuwahi kuuliza, wala sikuwahi kusema.

"Alikufa mutu?"

"Alikufa kijana mmoja," nikasema. "Désiré. Lakini, Hadji, alikuja amechelewa. Hata serumu ingekuwapo, sijui. Labda."

"Labda," alisema. Binti yake alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba niache. "Mama yake iko?"

"Yuko. Analima kule kule Carama."

"Nipeleke."

Nilimpeleka. Binti aliendesha gari, amekunja uso njia nzima. Mama Désiré tulimkuta nyuma ya nyumba akipura maharage, akatuletea vigoda, akatandika kitenge kwenye kile cha mzee. Alinikumbuka mimi. Hadji alikuwa mgeni kwake. Nilidhani Hadji atazunguka, ataanza na hali ya mvua, lakini alisema kama alivyokuwa akisema hewani, maneno machache, kila moja mahali pake. Kwamba dawa ilikuwa ghalani. Kwamba yeye alitumwa kuiomba. Kwamba alikosea neno, na kwa kosa hilo dawa ilichelewa, na wakati inachelewa Désiré akafa. Mama Désiré alikuwa anasikiliza na mikono yake ina makapi ya maharage. Kuna mahali alinigeukia nimfafanulie kwa Kirundi, nikamfafanulia, ingawa sikutamani.

Mama Désiré akapangusa mikono. Kisha akamtazama Hadji, si kwa ukali.

"Mi nilikuwa najua kolera njo ilimuua," alisema. "Nilizoea ile. Hivi sasa umeniletea mutu mahali ya kolera."

Hadji hakusikia vizuri. Akaniinamia niyarudie. Ilinibidi niyaseme maneno yale kwa sauti kubwa, sikioni kwake, mbele ya mwenye maneno. Akaitikia kwa kichwa kwamba amepokea.

"Sijui nikuambie nini," Mama Désiré akasema. "Leo sijui."

"Sikuja uniambie kitu, mama."

"Basi kwa nini umekuja?"

Mama Désiré aliinuka akaingia ndani, na nilifikiri amekwenda asirudi, kwa hiyo nikamshika mzee mkono tuondoke. Tulikuwa tumefika karibu na gari aliposikika nyuma yetu. Alikuwa amefunga maharage mapya kwenye kitambaa, fundo kubwa. Hakutabasamu. Alimwekea Hadji mikononi akasema kwamba muzee hatoki kwake mikono mitupu, akageuka akarudi kwenye kazi yake.

Hadji aliyabeba mapajani mpaka Kinanira, kama mtu aliyepewa mtoto amshike na haambiwi mpaka lini.

Kesho yake binti yake alinipigia simu. Alisema baba yake amekaa na lile fundo tangu jana, hataki liondolewe mezani, na kila akimuuliza hajibu. Akaniuliza afanye nini, ayatunze maharage yale au ayapike.

Nikamwambia ayapike, ampakulie baba yake, na akae naye mpaka amalize.